Una viza ya matembezi, unataka kutoka siku chache afu urudi? Soma hii kabla hujakata tiketi

Wakuu, hili swali linakuja kwa sura nyingi ila ni lile lile. Mtu yuko nchi ya watu kwa viza ya matembezi, kakaa wiki tatu au miezi miwili, afu kuna nchi jirani anataka kuichungulia siku nne tano, labda kuna harusi, labda mkutano, labda nauli tu imeshuka, kisha arudi amalizie siku zake na kupanda ndege yake ya kurudi kwao. Anakuuliza, "si viza yangu bado haijaisha?" Hapo ndo watu wanapopigwa, manake viza kutoisha ni jambo moja na kuruhusiwa kuingia mara ya pili ni jambo lingine kabisa.

Ukishatoka mpakani, kwa uhamiaji wewe umeondoka. Hawana habari kwamba begi lako kubwa limebaki kwa shemeji. Ukirudi unajieleza upya na afisa anaweza kukukubali au kukukataa kama ile siku ya kwanza, haijalishi uliondoka juzi. Kwa hiyo kazi yote ya kurudi inafanyika kabla hujatoka, ukiwa bado ndani, una muda wa kusoma na kupiga simu, ukishakuwa upande wa pili huna cha kurekebisha, unabaki kuomba Mungu tu.

Hatua ya 1: jua una vitu viwili, sio kimoja

Kuna viza, na kuna ruhusa ya kukaa. Viza ni kibali cha kufika mlangoni na kugonga. Ruhusa ya kukaa ndo ile unayopewa ukishafika, inakwambia kaa mpaka tarehe fulani. Tarehe za hivi vitu viwili mara nyingi hazifanani na watu wanazichanganya kila siku.

Marekani ndo mfano mzuri. Viza ya B1/B2, ile ya matembezi na biashara fupi, inaweza kuwa ya miaka mingi, hata 10 kwa raia wa baadhi ya nchi, ila ukifika unapewa rekodi inaitwa I-94 yenye tarehe yako ya mwisho ya kukaa, na kwa mtalii kawaida ni miezi 6. Sasa kuna mtu viza yake inaisha mwezi Mei ila I-94 inasema Agosti, huyo yuko ndani kihalali mpaka Agosti bila shida yoyote, viza ikiisha akiwa ndani hakuna anayemgusa. Shida inaanza akitoka. Na kuna wa kinyume chake, viza ina miaka 7 mbele afu anajiona ana miaka 7 ya kukaa, wakati I-94 yake imeisha mwezi uliopita, na huyo ndo yuko pabaya zaidi, nitamrudia huko chini.

Kwahiyo kaa chini, chukua karatasi, andika: viza inaisha lini, ruhusa ya kukaa inaisha lini, pasipoti inaisha lini, narudi kwetu lini. Tarehe nne. Usiziweke kichwani.

Hatua ya 2: hesabu milango

Kwenye viza angalia sehemu ya idadi ya kuingia. Stika ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, imeandikwa 01, 02 au MULT (mara nyingi). Ya China imeandika namba ya kuingia na pembeni siku za kukaa kila ukiingia. Nyingine hazina stika kabisa, Australia kwa mfano viza ni ya kwenye mfumo na unaangalia masharti yako kwenye huduma yao ya mtandaoni inaitwa VEVO, usikae unatafuta stika kwenye pasipoti afu ukiikosa ukadhani umeibiwa.

Kama ni ya kuingia mara moja na ulishaingia, basi imeshatumika. Hata kama imeandikwa inaisha mwakani. Ukitoka umefunga mlango na funguo imebaki ndani. Hili halina mjadala na afisa wa kaunta hawezi kukuonea huruma hapo hata akitaka, mfumo wenyewe unamgomea.

Ila kuna nchi zimeweka vidirisha vidogo na ni vizuri kuvijua.

Canada: hata kama viza yako ilikuwa ya kuingia mara moja, ukienda Marekani tu, au kile kisiwa cha Ufaransa cha Saint-Pierre et Miquelon, na kurudi moja kwa moja ndani ya muda ule uliopewa mwanzo, huhitaji viza mpya. Ukipita nchi nyingine yoyote katikati, dirisha limefungwa.

Marekani: viza ikiwa imeisha ila I-94 bado hai, unaweza kwenda Canada au Mexico kwa siku 30 au pungufu na kurudi kwa viza ile ile iliyoisha. Ipo kwenye kanuni zao, 22 CFR 41.112(d), na inafanya kazi, ila ina masharti. Usiombe viza mpya ya Marekani ukiwa huko, ukiomba tu umejitoa kwenye hiyo nafasi. Raia wa nchi ambazo Marekani imeziorodhesha kama wafadhili wa ugaidi hawaruhusiwi kuitumia. Na kwa watalii ni Canada na Mexico tu, visiwa vya Karibiani hapana, huko ni kwa wanafunzi na wale wa mpango wa kubadilishana, kwahiyo usisikie mwanafunzi kaenda Bahamas karudi salama na wewe ukamfuata. Printi hiyo kanuni uende nayo, kwa sababu mtu wa shirika la ndege kule kaunta akiona viza imeisha mara nyingi hajui habari za hii kanuni na wewe ndo utakuwa mwalimu wake saa kumi alfajiri.

Thailand: ukitoka bila kibali cha kurudi, siku zako zilizobaki zinafutika. Kibali hicho unakiomba kabla ya kutoka, ofisi ya uhamiaji au hata uwanja wa ndege eneo la kuondokea, fomu yao inaitwa TM.8, kipo cha mara moja na cha mara nyingi. Watu wanapita pale pale kwenye dawati bila kujua kwamba dakika kumi zingewaokoa.

Afrika Mashariki: ile viza ya pamoja ya utalii inayohusu Kenya, Uganda na Rwanda ni ya siku 90 na unazunguka nchi hizo tatu utakavyo. Ukitoka nje ya hizo tatu imekufa. Tanzania haimo, tafadhali, ramani isikudanganye.

Hatua ya 3: hakikisha unajua lini "umetoka"

Hii naikazia kwa sababu inaonekana ya kijinga ila inawaumiza watu wazima na akili zao. Kuna sehemu unaenda ukidhani uko ndani ya nchi ile ile kumbe umetoka.

Hong Kong na Macau ni China, ndio, lakini kwa viza ukivuka kutoka bara kwenda huko umetoka. Una viza ya China ya kuingia mara moja, ukaenda Hong Kong wikiendi kula bata, kurudi Shenzhen unahitaji viza nyingine. Svalbard ni Norway ila iko nje ya Schengen, ukienda kuangalia barafu na viza ya mara moja hurudi Oslo, unatakiwa uwe na ya mara mbili au zaidi. Cyprus na Ireland ziko Umoja wa Ulaya ila hazimo kwenye Schengen. Upande mwingine kuna Monaco, San Marino na Vatican ambako unaingia na kutoka bila mtu kukuuliza kitu.

Meli za kitalii nazo. Unapanda Miami, meli inagusa Bahamas mchana mmoja, inarudi Miami. Umetoka na unaingia upya. Tangazo la meli linasema safari ya siku tatu kwa bei nzuri, halisemi kwamba unahitaji mlango wa pili.

Tena kuna ndege za kuunganisha. Unatoka mji mmoja wa Schengen kwenda mwingine ila tiketi ya bei chee inapitia London au Istanbul. Hongera, umetoka Schengen. Angalia njia yote ya tiketi, sio mwanzo na mwisho tu.

Hatua ya 4: piga hesabu ya siku

Kwa Schengen kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na nchi zote 29 zinahesabiwa kama moja. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Nikupe mfano. Umeingia 1 Machi, umetoka 30 Machi, hizo ni siku 30. Ukaenda Albania, ambayo haimo Schengen, mpaka 10 Aprili ukarudi. Zile za kati hazihesabiwi kabisa, kwahiyo unaporudi 10 Aprili una 60 mkononi, na siku ya mwisho kuwa ndani ni 8 Juni. Sio miezi mitatu mipya. Kutoka hakujafuta kitu, kumesimamisha tu saa. Zile siku za Machi zinaanza kukurudia moja moja kuanzia 28 Agosti, kwa sababu hapo ndo 1 Machi inatoka nje ya dirisha la siku 180 kwa kuhesabu kurudi nyuma.

Na hapo nimechukulia umepewa zote 90. Kama stika yako imeandika siku 45, ni 45 kwa jumla ya safari zote, sio 45 kila ukiingia. Tume ya Ulaya ina kikokotoo mtandaoni, kitumie, weka tarehe zako zote za miezi sita iliyopita, usidanganye kikokotoo manake unajidanganya mwenyewe. Zamani afisa alikuwa anahangaika na mihuri iliyofifia, siku hizi kuna mfumo wa EES ulioanza 12 Oktoba 2025 kwa awamu, unachukua picha na alama za vidole na unahesabu wenyewe. Ile ya "labda hatahesabu vizuri" isahau.

Nchi nyingine ni tofauti. Uingereza viza ya kawaida ya matembezi inakupa mpaka miezi 6 kila unapoingia, hata ile ya miaka 2, 5 au 10, na hakuna namba iliyoandikwa ya mara ngapi kwa mwaka. Watu wanaruka kwa furaha wakisikia hivyo. Tulia. Kanuni zao zinasema usiwe unaishi nchini kwao kwa kuunganisha safari, na afisa anaangalia jumla, kwahiyo mtu aliyekaa miezi 5 na nusu, akatoka siku nne, akarudi kuomba miezi 6 mingine, amejiandikia mwenyewe hukumu. Marekani ni hivyo hivyo, tena ukitoka Canada au Mexico ukarudi wanaweza kukuacha na tarehe ile ile ya I-94, sio lazima upewe miezi 6 mipya. Ile mbinu ya kugusa mpaka na kurudi ili saa ianze upya maafisa wanaijua kuliko wewe, wameiona kabla hujapata pasipoti.

Mimi kanuni yangu, na hii ni yangu sio ya serikali yoyote: safari ndogo ya katikati haina shida kama tarehe yako ya kurudi kwenu haijabadilika. Umekuja kwa wiki sita, ukatoka siku tano, ukarudi kumalizia zile zile wiki sita, hadithi yako imenyooka na mtoto anaielewa. Ukianza kutumia hiyo safari kuongeza muda, hapo umeshabadilisha mchezo na jiandae kwa maswali.

Hatua ya 5: ile nchi ya pili nayo ni nchi

Unashangaa, ila watu wanasahau. Wanajikagua kurudi mpaka wanachoka afu hawajauliza kama wanahitaji viza ya huko wanakokwenda. Na kuna mtego humu ndani: nchi ya pili nayo inataka uthibitisho kwamba unaweza kuondoka kwao, yaani inaangalia kama viza yako ya kurudi ulikotoka iko hai. Ukikataliwa huko ukiwa umeshaondoka huku na viza ilikuwa ya mara moja, umekaa katikati, huku hawakutaki na kule hawakutaki.

Angalia pia na transiti. Nchi nyingine zinadai viza hata ya kubadilisha ndege tu.

Chanjo ya homa ya manjano nayo, hii inawakuta wengi kwa kushtukiza. Ulivyoingia mara ya kwanza ulitoka nchi isiyo na huo ugonjwa, hakuna aliyekuuliza kadi. Sasa umeenda siku nne nchi yenye hatari ya homa ya manjano, unarudi, unaulizwa kadi ya njano. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwahiyo kuchoma siku moja kabla ya kurudi hakukusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama yako imeandikwa miaka 10.

Hatua ya 6: pasipoti yenyewe

Miezi 6 ya uhai ndo kipimo salama, Schengen wao wanataka miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Kurasa tupu angalau mbili. Kama viza iko kwenye pasipoti ya zamani na una mpya, beba zote mbili, kwa viza za stika kama ya Marekani inakubalika ilimradi stika haijachanika wala kufutwa. Kwa viza za mtandaoni ni kinyume, lazima uingie kwenye akaunti uunganishe namba mpya ya pasipoti kabla ya kusafiri, la sivyo mfumo unakuona huna viza.

Na kama kuna ombi lako linasubiri majibu, mfano umeomba kuongezewa muda au kubadilisha aina ya viza, usitoke kabla hujauliza. Marekani ukitoka wakati ombi la kubadilisha hadhi halijajibiwa, linachukuliwa umeliacha. Australia kibali cha mpito cha A (Bridging Visa A), kile unachokaa nacho ukisubiri majibu, kinakufa ukivuka mpaka, unahitaji kile cha B ndo kinakurudisha.

Hatua ya 7: kifuko cha mkononi

Sio kwenye begi la kupakia. Mkononi. Tiketi ya kurudi kwenu, hii ndo namba moja kuliko zote, yenye tarehe, iliyolipiwa. Barua ya kazi au shule au cheti cha biashara yako ya nyumbani. Taarifa ya benki ya karibuni. Anwani ya unakolala na barua ya mwenyeji pamoja na simu yake, na mwenyeji ajue saa unayotua ili apokee simu, sio afisa anapiga mwenyeji yuko kulala. Tiketi za ile safari ndogo, hoteli uliyolala huko. Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa.

Weka karatasi kabisa, na skrinshoti juu. Simu inazima pale pale kwenye foleni, sijui kwanini ila inazima.

Vitu vya kuacha: rundo la CV, vyeti vyote vya taaluma, vifaa vya kazi visivyo na maelezo. Mtalii wa wiki mbili mwenye vyeti halisi vya shule tangu msingi anaeleza nini? Na simu vile vile, Marekani na Canada maafisa wana mamlaka ya kuikagua mpakani, na ile meseji ya utani "nikirudi naanza Jumatatu kwa yule mama" haitasomwa kama utani. Simaanishi ufute meseji uwe muongo, namaanisha kama kweli unaenda kufanya kazi basi viza ya matembezi sio yako, na hakuna mwongozo utakaokusaidia.

Pesa taslimu zikifika 10,000 za yuro kuingia Umoja wa Ulaya, au kuzidi dola 10,000 kuingia Marekani, unazitangaza. Kubeba sio kosa, kosa ni kunyamaza.

Hatua ya 8: kaunta ya ndege inakuja kwanza

Wengi wanaogopa uhamiaji kumbe wanakwamia chekini. Shirika la ndege likikupeleka bila vibali linapigwa faini na linakurudisha kwa gharama, kwahiyo yule dada wa kaunta anaangalia mfumo unaitwa Timatic wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kama mfumo unasema hapana, yeye hakupi bodingi pasi. Fika mapema. Ukiwa kwenye vile vidirisha maalum kama ya Canada au I-94, omba kwa upole amwite msimamizi na umwonyeshe ile karatasi uliyoprinti. Usipaze sauti, ukipaza sauti umepoteza.

Mimi iliwahi kunikuta, tiketi yangu ya kurudi kwetu ilikuwa nimeinunua kwa wakala na imekaa kwenye barua pepe ya ndugu yangu, na yeye amelala. Nikasimama pembeni ya kaunta dakika arobaini na watu wote wa ndege ile wamepita, wananiangalia kama mwizi. Nilipanda wa mwisho. Tangu siku hiyo naprinti kila kitu nakala mbili.

Kitu kingine, ukaguzi wenyewe wakati mwingine unafanyika upande usioutegemea. Treni ya London kwenda Paris, Wafaransa wanakukagua St Pancras, London, kabla hujapanda, na Waingereza wanakukagua Gare du Nord, Paris, wakati wa kwenda kwao. Ukikataliwa unakataliwa pale pale stesheni. Kwahiyo usipange muda wa kubana.

Hatua ya 9: mbele ya afisa

Maswali ni machache na yanazunguka jambo moja, kwamba wewe ni mgeni au unaishi hapa kimya kimya. Ulikuwa wapi? Siku ngapi? Kwanini unarudi? Unaondoka lini? Unafanya kazi gani kwenu? Nani analipa?

Jibu fupi, kweli, na lifanane na karatasi. "Nilikuja tarehe 3, nikaenda Toronto siku tano kumtembelea rafiki, narudi kumalizia likizo, naondoka tarehe 28, tiketi hii hapa." Imeisha. Usianze na historia ya ukoo. Ila usijibu kwa kifupi cha kiburi pia, afisa akiuliza kwanini, mpe kwanini.

Kuna neno moja naomba ulitoe mdomoni siku hiyo. Usiseme "narudi nyumbani" ukimaanisha pale kwa mwenyeji wako. Kwa Kiswahili chetu nyumbani ni popote mtu amekukaribisha, ila afisa anasikia kwamba unaishi pale. Sema naenda kwa dada yangu, naenda hotelini. Vile vile usiseme "nimekaa hapa" kama unasimulia maisha, sema nilitembelea.

Kama hujui jibu sema sijui. Kama hujaelewa lugha omba mkalimani, ni bora kuliko kuitikia ndio ndio afu ndio mojawapo ikawa umekubali unafanya kazi.

Ukipelekwa chumba cha pembeni usitetemeke, sio kukamatwa, mara nyingi ni kuhakikisha tu jambo moja na unasubiri saa moja au zaidi. Kaa, kunywa maji, usianze kupiga simu hovyo, mara nyingi simu hairuhusiwi kabisa humo.

Na ikifika mahali wanakukatalia kweli, hapo tumia akili sio hasira. Marekani kwa mfano kuna tofauti kubwa kati ya kuondoa mwenyewe ombi lako la kuingia, na kupewa amri ya kuondolewa haraka, hiyo ya pili inakuja na marufuku ya miaka 5. Afisa sio lazima akupe nafasi ya kuondoa ombi, ila unaweza kuuliza kwa heshima. Chukua nakala ya kila karatasi. Usisaini kitu hujakielewa.

Sasa yule niliyesema nitamrudia

Mtu ambaye ameshapitiliza muda wake, afu anasikia kwamba akitoka na kurudi mambo yatakuwa safi. Ndugu yangu, usitoke kwa ushauri wa kijiweni. Marekani ukipitiliza tarehe ya I-94 hata kwa siku moja, ile viza uliyoingia nayo inabatilika, hata kama imebaki miaka 8, na maombi mapya kwa kawaida unayafanya nchi yako ya uraia. Ukipitiliza zaidi ya siku 180 mfululizo, kutoka kwako ndo kunawasha marufuku ya miaka 3, na ukifikisha mwaka na kuzidi ni miaka 10. Yaani adhabu inakusubiri mlangoni, unapotoka. Hapo tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni, mlipe, msikilize, kabla hujagusa tiketi.

Hatua ya 10: umeingia, usikimbilie begi

Kabla hujaondoka kwenye ile kaunta fungua pasipoti usome muhuri. Tarehe ya kuingia iko sawa? Wamekuandikia siku ngapi? Ni kundi la mgeni kweli? Makosa yanatokea, afisa amechoka, muhuri haujabadilishwa tarehe, na kurekebisha pale pale ni sekunde thelathini wakati kurekebisha wiki ijayo ni kuzunguka maofisi na barua. Kama hakuna muhuri, hiyo siku hizi ni kawaida, tunza bodingi pasi na uangalie rekodi mtandaoni. Marekani ingia kwenye tovuti ya I-94 jioni hiyo hiyo, weka namba ya pasipoti, piga skrinshoti ya tarehe mpya, ikiwa na kosa kuna ofisi zao za kurekebisha kwenye viwanja vya ndege vikubwa. Afu ile karatasi ya tarehe nne ya hatua ya kwanza, ichukue, futa ya pili uandike mpya, manake hiyo ya zamani haihusiki tena.